Bao Kubwa ni Lipi?

Limezuka miongoni mwa vijana wetu neno ambalo limerudiwa mara nyingi hata limeanza kufanana na kweli. Neno lenyewe ni hili: kwamba bao kubwa ni lile lipendezalo macho. Kwa kauli hiyo, mpira ukipigwa kutoka mbali ukajikita pembeni mwa lango, bao ni kubwa. Mchezaji akipinduka hewani akaupiga mpira miguu ikiwa juu na kichwa kikiwa chini, bao ni kubwa zaidi. Na ikiwa mchezaji huyo ni mtu wa Ulaya mwenye jina, na picha yake imetazamwa na mamilioni, basi hapana tena la kubishana. Insha hii imeandikwa ili kubishana. Nasema kuwa uzuri si ukubwa, kuwa wingi wa watazamaji si mizani, na kuwa kijana apimaye mabao kwa mizani hiyo hujidhulumu nafsi yake na kukidhulumu kijiji chake.

Nichukue kijiji cha Tiwi kuwa mfano. Tiwi iko katika Kaunti ya Kwale, mwendo wa kilomita zipatazo 20 kusini ya kivuko cha Likoni, na Mto Mwachema ndio uitenganishao na Diani. Upande wa mashariki ni bahari, na mwamba ulio mbele ya ufuo huyavunja mawimbi kabla hayajafika pwani. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mchanga hubaki mpana na mgumu, na vijana hupata kiwanja ambacho hakuna aliyekipima wala aliyekilipia. Vijiti viwili huwa milingoti, au jozi mbili za kandambili. Mpira ukikosekana, matambara hufungwa kwa kamba yakawa mpira. Bahari yenyewe ndiyo ishikayo saa ya mchezo huo, maana maji yakianza kujaa hakuna dakika za nyongeza. Upande wa bara, katikati ya minazi, miembe na mikorosho, viko viwanja vingine vya udongo ambavyo nyasi zake zimekwisha kwa nyayo, na mchezo wake humalizika kwa adhana ya magharibi.

Lakini jioni ya Jumamosi, hapo kama ilivyo katika vijiji vingi vya pwani, kiwanja hupoteza watu wake. Wamelipa kiingilio katika kibanda cha mabati ili watazame klabu za Uingereza zikicheza. Sina ugomvi na mtu atazamaye. Mchezo mwema ni mwalimu, na mwalimu hatukanwi kwa kuwa anatoka mbali. Ugomvi wangu ni na yule atokaye kibandani akasema kuwa mabao yako kule, na kwamba huku kwetu ni watoto tu wanaopiga mpira. Wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mtu huyu ameacha mbacha wake, na msala wenyewe hajaukalia, ameuona kwenye kioo.

Tutazame kwanza sheria, maana mabishano yasiyo na msingi ni kelele. Kwa sheria ya kandanda bao ni jambo fupi kulieleza. Mpira wote sharti uvuke mstari, baina ya milingoti miwili na chini ya mtambaa wa panya. Lango lina upana wa meta 7.32 na kimo cha meta 2.44. Sheria haiulizi mpira umetoka mbali au karibu, umepigwa kwa ufundi au umegonga goti la mtu ukapotea njia mpaka wavuni. Bao la ajabu ni moja, na bao la goti ni moja. Mwandishi wa matokeo huyaandika yote mawili kwa wino ule ule. Basi ukiwapo ukubwa katika mabao, haumo katika hesabu, na yatupasa kuutafuta mahali pengine. Mimi nauona katika mambo matatu: haki, haja na ushirika. Haki ndiyo sharti, na pasipo sharti hapana kitu. Haja na ushirika ndio uzito, na uzito waweza kuzidi au kupungua.

Kwa nini naitanguliza haki? Jibu liko katika mchezo mmoja maarufu. Tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca mjini Mexico, Argentina ilikutana na Uingereza katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Katika dakika ya 51 Diego Maradona aliruka pamoja na mlinda lango Peter Shilton, akausukuma mpira kwa mkono. Refa, Ali Bennaceur wa Tunisia, hakuuona mkono ule, na bao likakubaliwa. Dakika nne baadaye mtu yule yule aliupokea mpira katika nusu ya uwanja ya timu yake, akawapita Waingereza mmoja baada ya mwingine, akampita na Shilton, akafunga. Argentina ikashinda 2-1. Sasa tufanye hesabu. Bila ya bao la mkono matokeo yangekuwa 1-1. Kwa hiyo bao lile lilihitajika sawasawa na la pili. Watazamaji wake walikuwa wale wale, mfungaji yule yule, uwanja ule ule. Kama haja peke yake ingetosha, au umaarufu peke yake, mabao yale mawili yangekuwa ndugu. Lakini hakuna mwalimu amwambiaye mtoto aende uwanjani akaige lile la kwanza. Bao la hila huingia katika kitabu cha matokeo, ila katika heshima haliingii. Mali ya wizi huhesabika kama mali ya jasho, wala hesabu haiigeuzi kuwa halali.

Baada ya haki huja haja. Nauliza: bao lile liliondoa shida gani? Lilifungwa wakati gani, mbele ya mpinzani wa namna gani, na wangapi walikuwa wakilingojea? Mfano ulio bora katika nchi zetu ni bao la Ndola. Mwaka 1979 Tanzania ilikuwa ikitafuta nafasi ya kwenda fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, zilizofanyika Nigeria mwaka 1980. Ilikuwa imeishinda Zambia nyumbani kwa bao 1-0, kisha ikasafiri mpaka Ndola kwa mchezo wa marudiano. Wazambia wakapata bao, na faida ya Tanzania ikafutika. Ndipo Peter Tino alipofunga, mchezo ukaisha 1-1, na Tanzania ikapita. Wengi wa waliofurahi hawakuliona bao lile. Walilisikia kwa redio tu. Hawakujua mpira ulipigwa kwa upande gani wa mguu, wala hawakujali. Nchi hiyo haikufika tena katika fainali hizo mpaka mwaka 2019, yaani miaka 39 ilipita, na katika miaka hiyo yote jina la Tino lilitajwa barazani na baba kwa mwanawe. Nani atasema kuwa bao hilo ni dogo kwa sababu halina picha nzuri?

Linganisha na jambo lililotukia Cairo tarehe 27 Juni 2019, Kenya na Tanzania zilipokutana katika fainali hizo hizo. Tanzania ilitangulia kwa bao la Simon Msuva. Katika dakika ya 39 Michael Olunga alipinduka hewani akaupiga mpira kwa mtindo ambao vijana huupenda kuliko yote, ukaingia. Lilikuwa bao zuri mno, nami siuonei kijicho uzuri wake. Lakini dakika moja tu baadaye Mbwana Samatta aliirudisha Tanzania mbele, na faida ya bao lile zuri ikawa imedumu kwa muda wa mtu kufunga kamba za viatu. Kenya ilisawazisha kwa Johanna Omolo katika dakika ya 62, na katika dakika ya 80 Olunga yule yule akafunga la tatu, lililoleta ushindi wa 3-2. Muulize kijana leo akusimulie mchezo ule: atakueleza la kupinduka. Muulize ni bao gani lililoshinda mchezo: aghalabu atafikiri kwanza. Hapo ndipo penye kosa ninalolipinga. Macho yamelishika pambo yakaliacha jambo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na ingawa bao la Olunga halikuwa kipande cha mti, njia ya kulipenda ilikuwa ile ya kupenda mkakasi.

La tatu ni ushirika. Mtu huandikwa peke yake kuwa amefunga, kwa kuwa karatasi ya matokeo ina nafasi ya jina moja. Kweli yenyewe ina majina mengi. Katika mashindano ya CHAN yaliyochezwa Kenya, Tanzania na Uganda mwezi wa Agosti 2025, Kenya ilipambana na Morocco uwanjani Kasarani tarehe 10. Ryan Ogam alifunga katika dakika ya 42. Kabla ya mapumziko mchezaji mmoja wa Kenya alitolewa kwa kadi nyekundu, na kipindi chote cha pili wakabaki watu 10 mbele ya timu yenye nguvu kuliko zote. Maana Morocco ndio waliotwaa kombe hatimaye, na kushindwa na Kenya ndiko kushindwa kwao pekee katika mashindano yale. Matokeo yalikuwa 1-0. Mimi nasema kuwa bao la Ogam halikumalizika dakika ya 42. Liliendelea kufungwa kwa muda wa kipindi kizima, na wafungaji wake walikuwa mabeki waliojitupa mbele ya mashuti, viungo waliokimbia kwa niaba ya mwenzao aliyetoka, na mlinda lango aliyeyakataa mabao ya wageni. Kama wangelegea, lingekuwa bao la kutangulia tu, na mabao ya kutangulia husahauliwa kila wiki.

Vivyo hivyo, bao la Carlos Alberto dhidi ya Italia katika fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 21 Juni 1970, husifiwa mpaka leo. Lilikuwa la nne katika ushindi wa 4-1, na Brazil haikulihitaji ili ishinde. Haja yake ilikuwa ndogo. Lakini mpira ulianzia nyuma, Clodoaldo akawapiga chenga Waitalia kadhaa, ukapita kwa Rivelino, kwa Jairzinho, kwa Pelé, na Pelé, ambaye angaliweza kujaribu mwenyewe, akausukuma polepole kulia mahali ambapo hapakuwa na mtu bado, kwa kuwa alijua kuwa mwenzake anakuja. Uzito wa bao lile umo katika kuaminiana. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mguu mmoja haujengi bao la namna ile.

Hapa mpinzani wangu atasimama na hoja yake kubwa. Atasema: “Na Maradona, bao lake la pili, je? Si alikuwa peke yake?” Hoja hii yastahili jibu la heshima, kwa sababu ina sura ya kweli. Naam, miguu iliyowapita Waingereza ilikuwa ya mtu mmoja, na kipawa kile ni nadra duniani. Lakini mpira alipewa na Héctor Enrique, haukuota mguuni pake. Na alipokuwa akikimbia, Jorge Valdano alikimbia upande wa kushoto, na walinzi walilazimika kumfikiria pia yeye: je, atatoa pasi au hatatoi? Shaka hiyo ndiyo iliyomfungulia njia. Mtu aliye peke yake hasa, asiye na wenzake wa kuogopewa, huzingirwa na watu watatu akanyang'anywa. Hata bao la mtu mmoja, basi, lina mkono wa wasiotajwa, yaani mkono ulio halali.

Mpinzani wa pili atasema: “Umetwambia habari ya haja. Basi bao la timu iliyokwisha kutolewa halina kitu.” Nitamjibu kwa wasichana. Mwezi wa Oktoba 2024, timu ya Kenya ya wasichana wasiozidi miaka 17 ilicheza Kombe la Dunia la rika lao katika Jamhuri ya Dominika. Ilikuwa timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya, ya wanaume au ya wanawake, kufika Kombe la Dunia la ngazi yoyote. Walishindwa na Uingereza, wakashindwa na Korea Kaskazini; njia ya kusonga mbele ikafungwa. Mchezo wa mwisho, na Mexico, haukuwa na tuzo ila jina. Wakashinda 2-1. Je, mabao yale mawili hayakuhitajika? Yalihitajika sana, ila haja yake haikuwa ya pointi. Ilikuwa haja ya mlango. Katika pwani yetu bado wako watu wanaosema kuwa mpira si kazi ya mtoto wa kike, na kwamba alasiri yake ni ya maji na kuni. Shirika la Moving the Goalposts lilianzishwa Kilifi mwaka 2001 ili wasichana wapate uwanja na sauti, na waanzilishi wa kazi kama hiyo hukutana na maneno mengi kabla ya kukutana na makofi. Bao lililofungwa upande wa pili wa dunia na msichana wa Kenya ni jibu kwa maneno hayo, na msichana wa Tiwi aweza kulionyesha kwa kidole. Bao likimfungulia mtu njia aliyofungiwa, ni kubwa, hata ikiwa timu yake ilirudi nyumbani kesho yake.

Wa tatu, naye ndiye mkaidi, atasema: “Hayo yote ni mabao ya mataifa. Bao la ufuoni Tiwi, lililoonwa na watu 30 na mbuzi wawili, haliwezi kuitwa kubwa.” Nasema laweza. Feisal ya Mombasa ilipotwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965, hapakuwa na kioo katika kila kibanda, na mashabiki wengi hawakupata hata picha moja ya mabao yake. Lakini yalisimuliwa, na kusimuliwa ndiko kulikoyafanya yaishi. Kumbukumbu ya watu ni chombo cha kale kuliko filamu, na haina haja ya umeme. Weka mbele ya macho yako timu mbili za vijiji jirani. Zimekuwa na uhasama wa miaka. Kijana mmoja ameachiwa lango wazi, anaona mwenzake aliye mahali pazuri zaidi, anampa mpira, na yule anafunga kwa haki katika dakika ambayo maji yamekwisha kuigusa milingoti. Haki imo. Haja imo. Ushirika umo. Kinachokosekana ni nini? Kelele tu. Na tangu lini kelele ikawa kipimo cha jambo?

Msomaji kijana, usidhani kuwa mabishano haya ni ya kupitisha wakati. Yana jambo la kweli ndani yake. Katika pwani ya kusini, ardhi iliyo karibu na bahari ina bei kubwa, na bei hupanda. Ukuta hujengwa, mlango wa chuma hutiwa, na njia waliyoipita wavuvi na watoto kwenda ufuoni huwa nyembamba, kisha huwa hadithi. Kiwanja cha kijiji ambacho hakina hati wala ua ni windo rahisi. Nacho huponea wapi? Huponea katika moyo wa watu wanaoamini kuwa pale pametukia mambo makubwa. Mahali ambapo watu wanasimulia mabao yake, hakuna ajaye na fito za kupimia akaondoka bila ya kuulizwa swali. Lakini kijana aliyefundishwa kuwa mabao yote makubwa hufungwa ng'ambo, atauliza nini? Kwake uwanja ule ni mchanga mtupu, na mchanga mtupu ni halali ya mwenye fedha. Hivyo neno dogo la kibandani, kwamba bao kubwa ni lile la kwenye kioo, laweza kugharimu kijiji ekari zake.

Tena liko jambo la nafsi. Mtu apimaye ukubwa kwa macho ya watu wengi hujifunza kutenda mbele ya macho hayo tu. Atapiga mpira kutoka mbali ilhali mwenzake yuko wazi, kwa kuwa pasi haipigiwi makofi. Akikua atakuwa fundi anayepaka rangi ukuta wa mbele na kuuacha ule wa nyuma, au kiongozi anayechimba kisima siku ya wapiga picha. Lakini aliyejifunza kiwanjani kuwa kitu ni kikubwa kwa haki yake, kwa haja yake, na kwa wengi waliokibeba, hatahitaji msimamizi. Atatoa pasi gizani.

Kwa hiyo nawashauri vijana wa Tiwi, na wa Msambweni, na wa kila kijiji kilicho na vijiti viwili na mpira: tazameni michezo ya ng'ambo mkitaka, mkajifunze ufundi wake, kwa maana elimu haina mpaka. Lakini bao likifungwa, mahali popote, ulizeni maswali matatu kabla ya kupiga kelele. Limepatikana kwa haki? Lilihitajika na nani, na kwa shida gani? Ni mikono na miguu ya wangapi iliyolibeba? Likijibu vema, lipeni cheo chake, ingawa liliingia kwa goti. Likishindwa kujibu, lisifuni kwa uzuri wake kama mnavyosifu kanga nzuri, kisha mwendelee na safari. Na lililo kubwa kwenu lisimulieni, mlitaje kwa mwaka wake na mahali pake, ili wadogo zenu walirithi pamoja na uwanja lilipofungwa. Mcheza kwao hutunzwa. Na atakayemtunza ni nani, ikiwa walio kwao wamekwenda kutazama kwingine?